Picha za setilaiti za Nakivale: jinsi ya kutunza mradi na matabaka ya ramani

Ramani ya makazi ya wakimbizi huamua mambo mazito: mahali pa kuchimba kisima, shamba lililo ndani ya mpaka na lililo nje yake, na barabara itakayotengenezwa kabla mvua haijaanza. Siku hizi ramani hiyo hutengenezwa kwa kompyuta, kwa kupanga picha za setilaiti na michoro tabaka juu ya tabaka. Mwongozo huu unaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa mfano wa Nakivale na Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na makosa yanayoweza kuifanya ramani ya kupendeza iseme uongo.

Mambo muhimu

- Faili la mradi halibebi picha zenyewe. Hubeba anwani za mahali picha zilipo.
- Mfumo usio sahihi wa viwianishi unaweza kuhamisha mpaka kwa takriban mita 300.
- Picha za Sentinel-2 zilizochakatwa kabla ya Januari 2022 na baada yake hazilinganishwi bila kusawazishwa kwanza.
- Majina ya watu na mahali zilipo nyumba zao hayafai kukaa katika faili moja linalosambazwa.

Kwa nini Nakivale

Makazi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Uganda na Tanzania. Yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Hivyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni, shuleni na kwenye nyumba za ibada. Familia nyingi zilizohamishiwa Australia, Kanada na Marekani zilipitia hapo.

Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 185, lililogawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Tofauti na kambi zilizozungushiwa uzio, Uganda huwapa wakimbizi vipande vya ardhi vya kujenga na kulima. Utaratibu huo unasifiwa, lakini unaifanya ardhi kuwa kiini cha kila mjadala. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo vipande vinavyopungua, na ndivyo swali la mpaka kati ya wakimbizi na wenyeji wa Isingiro linavyozidi kuwa kali. Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, inayosimamia makazi hayo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na mashirika mengine yote yanahitaji ramani. Mwenye shamba anaihitaji zaidi, kwa sababu mstari ukisogea yeye ndiye anayepoteza migomba yake.

Mradi ni nini, na si nini

Programu inayotumika sana kwa kazi hii bila malipo ni QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, na tangu hapo imeendelezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo kifurushi cha data ni ghali.

Mtumiaji anapofungua QGIS na kuanza kazi, huunda mradi. Mradi huhifadhiwa katika faili lenye kiambishi .qgz. Watumiaji wengi wapya hudhani kwamba faili hilo lina kila kitu wanachokiona kwenye skrini. Sivyo. Mradi ni kama orodha ya mazao iliyobandikwa mlangoni mwa ghala: hueleza kila gunia liko wapi, limepangwa kwa utaratibu gani na limepewa alama ya rangi gani, lakini mahindi yenyewe hayamo katika karatasi hiyo.

Matokeo yake huonekana faili linaposafirishwa. Mtu aliyeko Nakivale akituma faili la .qgz peke yake kwa mwenzake wa Mbarara, mwenzake atafungua na kukuta orodha ya matabaka yenye alama za onyo na ramani tupu. Picha zimebaki kwenye kompyuta ya Nakivale. Dawa yake ni kutuma folda nzima, yaani mradi, picha na michoro kwa pamoja.

Aidha, katika mipangilio ya mradi kuna chaguo la namna anwani zinavyoandikwa. Anwani kamili huanzia kwenye diski ya kompyuta fulani, na kwenye kompyuta nyingine haifanyi kazi. Anwani ya kiasi huanzia mahali mradi ulipo, hivyo folda ikihamishwa yote, kila kitu hupatikana. Chaguo la anwani za kiasi ndilo linalofaa, na ni vyema kuhakikisha limewekwa kabla tabaka la kwanza halijaongezwa.

Folda moja, majina yanayosomeka

Utaratibu ulio rahisi ndio unaodumu. Folda kuu hupewa jina la kazi na mwaka, na ndani yake huwekwa folda nne: ya picha za asili, ya picha zilizochakatwa, ya michoro, na ya ramani zilizokamilika. Faili la mradi hukaa katika folda kuu.

Picha za asili hazibadilishwi kamwe. Zikishapakuliwa, huachwa kama zilivyo, na kila hatua inayofuata huzalisha faili jipya. Mtu akikosea hesabu, hurudi mwanzo bila kulipia tena data ya kupakua picha.

Majina nayo yana kanuni. Jina kama “ramani mpya ya mwisho kabisa 2” halimwambii kitu mtu atakayelifungua baada ya miezi sita. Jina bora hutaja mahali, chanzo, tarehe na hatua, kwa mfano nakivale_sentinel2_20230715_kijani. Tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta huyapanga mafaili yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Nafasi tupu na alama za ajabu katika majina ni heri ziepukwe, kwani baadhi ya programu huzikataa.

Michoro, kama vile mipaka, barabara, visima na majengo, inaweza kuwekwa pamoja katika faili moja la GeoPackage. Huu ni muundo wa wazi unaokusanya matabaka mengi ndani ya faili moja, hivyo hakuna kipande kitakachosahaulika wakati wa kunakili kwenye diski ndogo.

Matabaka: kilicho juu hufunika kilicho chini

Kila kitu katika mradi ni tabaka, na matabaka ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni rasta, yaani picha iliyogawanywa katika vijisanduku vidogo viitwavyo pikseli, kila kimoja kikiwa na thamani yake. Picha ya setilaiti ni rasta. Aina ya pili ni vekta, yaani mchoro wa nukta, mistari na maumbo. Kisima ni nukta, barabara ni mstari, na mpaka wa kijiji ni umbo.

Orodha ya matabaka husomwa kutoka juu kwenda chini. Tabaka la juu hufunika lililo chini yake, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Kwa sababu hiyo picha za setilaiti huwekwa chini kabisa, mipaka na barabara hufuata, na nukta za visima, shule na vituo vya afya hukaa juu. Mtu akiongeza picha mpya na kuona barabara zake zote zimetoweka, mara nyingi hazijafutika, zimefunikwa tu.

Matabaka yanapokuwa mengi, hukusanywa katika vikundi. Mradi wa Nakivale waweza kuwa na kikundi cha picha za kiangazi, kikundi cha picha za masika, kikundi cha mipaka na kikundi cha huduma. Kikundi kizima huwashwa au kuzimwa kwa kubonyeza mara moja. Uwazi wa tabaka pia hurekebishwa: picha ya juu ikifanywa nusu angavu, ile ya zamani iliyo chini yake huanza kuonekana, na mabadiliko ya ufuko wa ziwa au ya kichaka hujitokeza bila hesabu yoyote.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kuzima tabaka si kulifuta, na kuliondoa katika orodha si kulifuta kwenye diski. Rangi, uwazi na mpangilio ni mali ya mradi. Thamani za pikseli ni mali ya picha, nazo hazibadilishwi na rangi anayoichagua mtumiaji.

Mita mia tatu zinazoweza kuhamisha kijiji

Kila tabaka lina mfumo wake wa viwianishi, yaani kanuni inayotafsiri namba kuwa mahali duniani. Nakivale na Mbarara zote zimo katika ukanda wa 36 wa mfumo wa UTM, kusini mwa Ikweta. Kwa kipimo cha kisasa cha WGS 84, mfumo huo hutambulika kwa namba 32736.

Hata hivyo, ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kipimo kingine kiitwacho Arc 1960, ambacho katika ukanda huohuo kina namba 21036. Vipimo hivi viwili vinatofautiana. Katika eneo la Nakivale, namba zilezile zikisomwa kwa kipimo kisicho chake, huangukia mahali palipo umbali wa takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kuiweka nyumba katika kijiji kingine, au kulitoa shamba ndani ya makazi na kulihesabu kuwa la wenyeji.

Kosa hili lina hatari kwa sababu halionekani mara moja. Ramani iliyosogea mita 300 bado inafanana na ramani sahihi. Njia ya kuligundua ni kutafuta kitu kisichohama, kama njia panda au kona ya jengo kubwa, na kuangalia kama kinalingana katika matabaka yote.

Kuna tofauti pia kati ya kutangaza mfumo na kubadilisha mfumo. Kutangaza ni kuiambia programu kwamba namba hizi zilipimwa kwa kipimo fulani, namba hazibadiliki. Kubadilisha ni kukokotoa namba mpya na kuzihifadhi katika faili jipya. Mtu akitangaza Arc 1960 kuwa WGS 84 kwa sababu tu anataka matabaka yafanane majina, amebandika lebo ya chumvi kwenye kopo la sukari.

Uganda imekatwa na Ikweta, nayo huleta mtego wa pili. Namba za ukanda wa kusini huongezewa milioni 10 ili zisiwe hasi. Kwa hiyo nukta ya Nakivale yenye namba inayokaribia milioni 9.9, ikisomwa kimakosa kama ya ukanda wa kaskazini, itatua karibu na Ncha ya Kaskazini. Upande wa pili, picha za Landsat za Marekani hutolewa kwa ukanda wa kaskazini hata kwa maeneo ya kusini, hivyo namba za Nakivale katika picha hizo huwa hasi. Hilo si kosa. Lebo ikiwa sahihi, QGIS huzipanga picha hizo juu ya zile za Sentinel-2 bila matatizo.

Picha zenyewe: ukubwa wake na gharama yake

Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga dunia picha tangu mwaka 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zake zinapatikana bure. Picha za Landsat zinazotumiwa zaidi zina pikseli ya mita 30 kwa mita 30. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikirushwa Juni 2015 na ya pili Machi 2017, zina pikseli ya mita 10 katika bendi zake nne muhimu, na mbili hizo kwa pamoja ziliwezesha sehemu moja kupigwa picha kila baada ya siku tano hivi. Nazo pia ni bure.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mkulima. Kiwanja cha mita 30 kwa mita 30 ni pikseli moja tu ya Landsat, lakini ni pikseli tisa za Sentinel-2. Kwa Nakivale nzima, Landsat hutoa pikseli laki mbili na ushei, ilhali Sentinel-2 hutoa zaidi ya milioni 1.8. Hata hivyo pikseli tisa hazitoshi kuonyesha ukuta au ua. Picha hizi hueleza hali ya mashamba, maji na misitu. Haziwezi kuamua ugomvi wa majirani wawili juu ya mita mbili za mpaka. Kwa ugomvi huo hapana budi kwenda shambani na wazee wa mahali, mwenyekiti wa kijiji na kipimo.

Picha kamili ya Sentinel-2 hufunika eneo la takriban kilomita 110 kwa 110, nayo hukaribia gigabaiti moja. Anayefanya kazi ya Nakivale peke yake haihitaji yote. Mstatili wa kilomita 25 kwa 25, wenye bendi nne, huwa na takriban megabaiti 50 tu kabla ya kubanwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kupakua ni kukata picha kwa mipaka ya eneo, na ikiwezekana kazi ya kupakua ifanyike Mbarara penye mtandao wa kasi, kisha vipande vilivyokatwa vipelekwe Nakivale kwa diski ndogo. Kwa picha kubwa zisizokatwa, QGIS huweza kutengeneza nakala ndogo za ndani zinazofanya picha ifunguke haraka hata kwenye kompyuta dhaifu.

Majira nayo ni sehemu ya picha. Kusini magharibi mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Mawingu ni mengi wakati huo. Juni hadi Agosti anga huwa na nafuu. Anayelinganisha miaka na alinganishe Julai na Julai, si Julai na Novemba. Vinginevyo atauita ukame kile ambacho ni kiangazi cha kawaida.

Hesabu ya kijani, na mtego wa Januari 2022

Majani mabichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu halioni. Kutokana na sifa hiyo wataalamu hutumia kipimo cha kijani: infraredi kutoa nyekundu, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya zote mbili. Katika Sentinel-2, nyekundu ni bendi ya 4 na infraredi ni bendi ya 8. QGIS ina kikokotoo cha rasta kinachofanya hesabu hii kwa kila pikseli na kuzalisha tabaka jipya.

Tuseme shamba la maharage lenye afya lina thamani 500 kwa nyekundu na 4,000 kwa infraredi. Tofauti ni 3,500, jumla ni 4,500, na jibu ni 0.78. Udongo mtupu wenye 2,000 na 2,500 hutoa 0.11. Kwa hivyo namba kubwa ni dalili ya mimea iliyostawi.

Hapa ndipo penye mtego. Tarehe 25 Januari 2022, utaratibu wa kuchakata picha za Sentinel-2 ulibadilika, na thamani ya kila pikseli ikaanza kuongezewa 1,000. Shamba lilelile, likiwa na afya ileile, sasa husomeka 1,500 na 5,000. Tofauti inabaki 3,500, lakini jumla inakuwa 6,500, na jibu linashuka hadi 0.54. Mtu asiyejua atachora ramani mbili, moja ya 2021 na nyingine ya 2022, na kutangaza kwamba mazao ya Nakivale yamedhoofika kwa karibu theluthi moja. Ramani kama hiyo ikiingia katika ripoti, inaweza kuathiri mipango ya chakula ya maelfu ya watu, ilhali shambani hakuna kilichobadilika.

Dawa ni kutoa 1,000 katika kila bendi kabla ya kukokotoa. Tarehe ya picha peke yake haitoshi kuonyesha ni picha ipi inayohitaji marekebisho, kwa kuwa picha nyingi za zamani zimechakatwa upya. Alama ya kuaminika imo katika jina la faili: herufi N ikifuatwa na tarakimu nne. Zikiwa N0400 au zaidi, nyongeza ipo. Baadhi ya huduma za mtandaoni huiondoa nyongeza hiyo zenyewe, hivyo maelezo ya chanzo husomwa kwanza. Hii ndiyo sababu jina la asili la picha halipaswi kupotea, na ndiyo sababu tabaka lililorekebishwa hupewa jina linalosema kuwa limerekebishwa.

Ziwa lililofichwa na mafunjo

Ziwa Nakivale, ambalo limeyapa makazi jina lake, ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, iliyoorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa yenye umuhimu wa kimataifa. Mfumo huo huhusiana na Mto Rwizi, unaopita katikati ya jiji la Mbarara. Kwa hiyo kinachofanywa kwenye kingo za mto huo, na katika mashamba yaliyo juu ya ziwa, huonekana baadaye majini kama tope.

Kupima maji hutumika bendi ya kijani na ya infraredi: kijani kutoa infraredi, kugawanya kwa jumla yake. Maji hutoa jibu lililo juu ya sifuri, mimea na udongo hutoa lililo chini. Nukta zote zilizo juu ya sifuri zikihesabiwa, eneo la maji hupatikana.

Lakini kingo za maziwa haya zina mafunjo na majani mengine ya majini. Setilaiti huyaona majani, haiyaoni maji yaliyo chini yake. Mafunjo yakitanda, hesabu itasema ziwa limepungua hata kama kina chake hakijabadilika. Yakifyekwa, itasema ziwa limeongezeka. Aidha maji yenye tope jingi hurudisha mwanga zaidi kuliko maji safi, na jibu lake husogea karibu na sifuri. Kwa sababu hiyo tabaka la maji hukaguliwa kwa macho juu ya picha ya rangi za kawaida, na wavuvi wa hapo huulizwa. Hakuna kikokotoo kinachojua ziwa kuliko mtu anayetia mtumbwi humo kila alfajiri.

Majengo yaliyochorwa na mashine

Si kila tabaka huchorwa na mtumiaji mwenyewe. OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote anaweza kuipakua. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa hazina ya majengo ya Afrika iitwayo Open Buildings, iliyotokana na kazi ya maabara yake ya Accra, Ghana. Humo kila jengo limechorwa na mashine na kupewa alama ya uhakika.

Matabaka haya huokoa muda, lakini hayafai kuchanganywa ovyo. Paa la mabati huonekana vizuri kutoka angani. Paa la nyasi au turubai lililofifia hufanana na ardhi inayolizunguka. Mashine ikikosa nyumba hizo, waliokosekana kwenye hesabu huwa ndio maskini zaidi au waliofika karibuni. Kwa hiyo kila chanzo hukaa katika tabaka lake, na tarehe yake huandikwa.

Usalama wa watu waliomo kwenye ramani

Baadhi ya wakazi wa Nakivale walikimbia watu wanaowafahamu kwa majina. Tabaka linaloonyesha nyumba pamoja na jina la mwenye nyumba, taifa lake au hali yake ya afya ni silaha likiangukia mikononi mwa mtu mbaya. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayodai ridhaa au msingi wa kisheria kabla ya kukusanya taarifa za mtu.

Utaratibu salama ni kuyatenga mambo mawili. Ramani ya majengo hubeba namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina, kama inahitajika kweli, hukaa katika faili lingine lenye nenosiri, kwa watu wachache wanaojulikana. Kabla ya kutuma mradi, jedwali la kila tabaka hufunguliwa na safu zisizohitajika huondolewa. Kuficha safu kwenye skrini hakutoshi, kwa kuwa anayepokea faili anaweza kuifichua.

Kanuni zilezile maabarani

Utunzaji huu haukomei kwenye picha za angani. Mbarara ni mji wa elimu ya tiba: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na kituo cha utafiti cha Epicentre, cha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, kimekuwapo mjini humo kwa miaka mingi. Katika fani ya tiba, programu za bure kama ImageJ na QuPath hutumika duniani kuchambua picha za hadubini. QuPath nayo huhifadhi katika mradi anwani za picha, wala si picha zenyewe. Humo pia alama anazochora mtaalamu kuzunguka seli hukaa juu ya picha bila kuibadilisha. Aliyejifunza kutunza mradi wa ramani ya Isingiro hatakuwa mgeni mbele ya mradi wa picha za damu.

Kabla ya kutuma ramani

Orodha fupi ya ukaguzi yafaa ibandikwe kando ya kompyuta:

1. Je, mradi, picha na michoro vyote vimo katika folda moja, na anwani ni za kiasi?
2. Je, folda hiyo imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine na matabaka yote yakaonekana?
3. Je, kila tabaka lina mfumo sahihi wa viwianishi, na njia panda moja inalingana katika matabaka yote?
4. Je, picha zinazolinganishwa ni za msimu mmoja, na nyongeza ya 1,000 imeondolewa pale ilipo?
5. Je, chanzo na tarehe ya kila tabaka vimeandikwa kwenye ramani?
6. Je, majina na taarifa za siri za watu zimeondolewa?
7. Je, nakala ya pili ipo mahali pengine, mbali na kompyuta ya kwanza?

Nafasi ya walio mbali

Watu waliowahi kuishi Nakivale na sasa wako ng'ambo wana mchango ambao setilaiti haiwezi kuutoa. Picha huonyesha paa, haionyeshi jina. Kujua kwamba njia hii huenda Kashojwa, kwamba soko la Kabazana lilikuwa upande huu, au kwamba kisima fulani hukauka kila kiangazi, ni elimu iliyo vichwani mwa watu. OpenStreetMap huruhusu mtu aliye popote duniani kuchora barabara na kuandika majina ya mahali anapopafahamu, kwa kutumia kompyuta au simu, na Timu ya Kibinadamu ya OpenStreetMap, inayojulikana kwa kifupi HOT, huratibu kazi za aina hiyo kwa ajili ya maeneo yenye mahitaji.

Anayeanza anashauriwa kuchora kidogo: njia moja, shule moja, kijito kimoja anachokikumbuka vizuri. Asichokuwa na hakika nacho akiache kwa aliye karibu nacho. Kijiji kilichoandikwa jina lake sahihi, mahali pake sahihi, ni rahisi zaidi kufikiwa na gari la maji, chanjo au mwalimu.